Shomoro wa Tano

Kijiji cha Mkuyuni kiko upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, katika njia itokayo mji wa Morogoro, ipitayo Kiroka na kuendelea mpaka Matombo na Mvuha. Jina lake latokana na mti, mkuyu, ambao hupenda kusimama karibu na maji. Maua ya mkuyu hayaonekani kwa nje, maana yamefungwa ndani ya tunda lenyewe, na nyigu mdogo sana huingia kwa tundu jembamba ili kuyachavusha. Tunda liivapo, ndege hawaulizi habari za maua. Huja ninga wenye rangi ya majani, huja hondohondo wenye midomo mikubwa, huja shore na kwenzi. Nao wakila hudondosha, hata chini ya mti wapo wengine wanaoshiba kwa makombo yao.

Watu wengi wasomao habari za Zakayo katika Injili ya Luka, mlango wa 19, hudhani ya kuwa mti ule alioupanda ni mti wa nchi za mbali. Sivyo. Mkuyu wa Yeriko na mkuyu wa Mkuyuni ni mti wa aina moja, na wataalamu huuita kwa jina moja. Nabii Amosi naye, kabla ya kuitwa na Mungu, alikuwa mtunza mikuyu. Basi mtoto wa Mkuyuni asomapo Maandiko hana haja ya kuvuka bahari ili ayaone baadhi ya mambo yaliyomo. Ndege nao ni vivyo hivyo.

Injili ilifika katika mabonde haya kwa miguu. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walijenga Bagamoyo mwaka 1868, wakapanda bara mpaka Morogoro mwaka 1882, na mwaka 1897 wakaanza misheni ya Matombo, iliyo mbele ya Mkuyuni. Mmoja wa shirika hilo, Padre Charles Sacleux, aliandika kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyochapwa katika miaka ya 1939 hadi 1941, na humo aliyaweka majina mengi ya miti na wanyama kama alivyoyasikia vinywani mwa watu. Mtu ajuaye jina la ndege amekwisha kuanza kumtazama.

Na awekwe mbele ya msomaji mvulana mmoja, asiyetajwa jina, kwa sababu wako wengi walio kama yeye katika mabonde yale.

Mvulana huyo alikuwa darasa la tano. Baba yake alikuwa amekwenda mjini kutafuta kazi ya mshahara, na nyumbani alikaa na mama yake, na bibi mzaa mama, na wadogo zake watatu. Chakula chao kilitoka katika shamba la mama, maana kwa desturi ya Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama. Walikuwa na migomba na mahindi mlimani, na kipande cha mpunga bondeni. Mwaka ule, mwezi wa Juni, mpunga ulipokuwa ukiiva, mvulana alishikwa na homa akalala juma zima, na hapakuwa na mtu wa kuamia. Ndege wakaingia. Mama alipovuna alipata magunia mawili mahali pa matano.

Tena katika masika yale yale, kabla ya mavuno, mama yake alikuwa amezaa mtoto wa kike. Mtoto aliishi siku kumi na tisa, akafa. Kwa kuwa alikuwa mchanga, matanga hayakuwa marefu. Majirani walisema maneno ya kawaida, ya kwamba mama bado ana nguvu naye atapata mwingine. Na tangu siku ile, watu walipohesabu watoto wa nyumba ile, walisema, Wanne.

Ikawa siku moja ya mwezi wa Novemba mwalimu wa dini alisoma darasani mlango wa 6 wa Injili ya Mathayo, mahali ambapo Bwana Yesu awataka wanafunzi wake wawaangalie ndege, ambao hawana jembe wala ghala, na Baba wa mbinguni huwalisha. Mvulana akainua mkono.

"Mwalimu, ni kweli Mungu huwalisha ndege?"

"Ni kweli, huwalisha."

"Je, huwalisha kwa mpunga wa mama yangu?"

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Yeye naye alikuwa mwana wa mkulima, naye alijua jua la mchana lilivyo juu ya dungu. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Neno la kwanza la Bwana wetu mahali hapa ni kuangalia. Wewe umewaangalia ndege?"

"Nawajua, mwalimu. Kila mwaka nawafukuza."

"Kumfukuza si kumwangalia." Akafungua kabati, akatoa daftari mpya na penseli. "Kila asubuhi kabla ya kuja shule, keti uani kwenu nusu saa. Andika saa, na ndege, na kazi aifanyayo. Unayoyaona uyaandike, unayoyadhani uyaache. Swali lako tutalirudia."

Siku ya kwanza mvulana aliandika: "Saa kumi na mbili na nusu. Ndege wengi. Wanalia." Mwalimu akaandika chini yake kwa wino mwekundu: "Ndege gani? Wako wapi? Nani kakuambia wanalia?"

Basi mvulana akamwendea bibi yake, aliyekuwa akipeta mchele uani. "Bibi, yule mwenye kichwa cheusi anaitwaje?"

"Yule ni shore, mjukuu wangu. Mtazame chini ya mkia. Ana manjano kana kwamba ameketi juu ya bizari."

Mvulana akatazama, akaona ni kweli, naye alistaajabu kwamba ameishi miaka kumi na miwili na shore asiione ile manjano. Tangu siku hiyo bibi akawa mwalimu wa pili. Alimwonyesha tetere atembeaye chini akiokota punje, na pugi mdogo zaidi. Alimwonyesha chozi, ndege mdogo mwenye mdomo uliopindika kama sindano ya kushonea magunia, anyonyaye utamu ndani ya maua. Katika tawi la mlimau, kando ya mlango wa jiko, chozi jike alikuwa akining'iniza kiota chake, nacho alikifunga kwa nyuzi za buibui. Mara nyingi mvulana alikuwa amezipangusa nyuzi hizo ukutani kwa ufagio, wala hakujua kwamba kuna mwenye kuzihitaji.

Alimwonyesha pia tipitipi, mwenye sauti kama maji yamiminikayo kutoka katika kibuyu. Wazee husema ya kuwa tipitipi huita mvua. Lililo hakika ni kwamba hulia sana siku za mvua. Kama yeye aiita mvua au mvua ndiyo imwitayo yeye, mwenye daftari asiandike.

Ndege hawa wa uani huonekana katika nchi nyingi. Lakini juu ya Mkuyuni, katika misitu ya milima iliyo na kilele chenye zaidi ya mita 2,600, wako ndege wachache wasioonekana mahali pengine po pote duniani. Yuko chozi wa Uluguru, aliyeandikwa na wataalamu mwaka 1922 na kupewa jina la Arthur Loveridge, aliyekusanya wanyama wengi wa nchi hii. Yuko kipwe wa Uluguru, mwenye kofia nyeusi, mgongo wa kijani na kifua cha manjano, aliyeandikwa na Mmarekani Herbert Friedmann mwaka 1927. Yeye hukaa juu sana katika vilele vya miti, na mtu humsikia mara nyingi kuliko amwonavyo. Tena mwaka 1938 Reginald Moreau alimwandika ndege mwingine wa misitu hiyo, akampa jina la mkewe, Winifred. Ndege huyo baadaye alionekana katika milima mingine ya jirani. Lakini kipwe na chozi wale hawana kwao pengine. Msitu wa Uluguru ukatwao kwa shoka hautoi maji ya mto Ruvu peke yake, yanywewayo mpaka Dar es Salaam. Umebeba na viumbe ambao Muumba hakuwaweka katika nchi ya pili ili kuwa akiba.

Baada ya majuma machache mvulana alianza kuona jambo ambalo hakulitazamia. Katika kurasa zake zote hapakuwa na ndege mzima aliyelishwa akiwa ameketi. Shore alikwenda mpapai, akafukuzwa, akarudi. Tetere aliokota punje moja, akatembea hatua sita, akaokota nyingine. Kazi yao ilianza kabla ya jua kutoka, haikuisha mpaka jua lilipozama. Yafaa ijulikane ya kwamba ndege mdogo huingia usiku akiwa na akiba ndogo tu ya mafuta mwilini, na usiku mmoja huila sehemu kubwa ya akiba hiyo. Kwa hiyo asubuhi hana ruhusa ya kuchelewa. Mvulana aliposoma tena maneno ya Injili aliona kwamba hayakusema ndege hawafanyi kazi. Yalisema hawana ghala.

Kisha ikatokea asubuhi moja kipanga alishuka uani kama jiwe, akachukua kifaranga cha kuku. Mvulana alipiga kelele, bibi akatupa mwiko, lakini kipanga alikuwa amekwisha kwenda. Katika daftari aliandika: "Saa moja kasorobo. Kipanga. Amekula kifaranga chetu." Na chini yake, ijapokuwa alikatazwa kuandika anayoyadhani, aliandika: "Yeye naye ni ndege." Mwalimu aliposoma hakutia wino mwekundu. Aliandika tu, "Soma Zaburi ya 104." Na katika zaburi hiyo mvulana alisoma kwamba hata wanasimba wangurumapo hutaka chakula chao kwa Mungu. Jambo hili lilimkalia moyoni siku nyingi, wala halikumfurahisha.

Masika yalipoanza, mwezi wa Machi, mnana walikuja katika mnazi ulio nyuma ya nyumba. Dume huchana ukuti kuwa uzi mrefu, hufunga uzi huo katika kijiti, na kwanza hutengeneza duara moja tu kama pete. Husimama ndani ya pete hiyo na kusuka mbele yake na juu yake, mpaka mdomo wake ufike. Urefu wa shingo yake ndio kipimo cha nyumba. Kisha hujining'iniza chini ya mlango, hupiga mabawa na kuimba ili jike aje kukagua. Jike huingia, huvuta nyuzi, hutoka. Asiporidhika, kiota hubaki kitupu. Nacho kikikauka, dume hukibomoa mwenyewe na kuanza upya. Mvulana alimwona dume mmoja aliyebomoa viota viwili, akamhurumia, ingawa alikuwa mwizi wa mpunga.

Vifaranga vilipoanguliwa, mwalimu alimpa kazi nyingine. Alimweleza habari za Moreau yule yule, aliyekaa Amani katika milima ya Usambara tangu mwaka 1928 mpaka mwaka 1946. Bwana huyo na mkewe walitaka kujua ndege hulisha watoto wao mara ngapi. Basi waliwaweka watu kuketi karibu na viota toka alfajiri mpaka magharibi, kwa zamu, wakiandika kila ndege aingiapo na atokapo. Katika wasaidizi wake alikuwapo Salimu Asmani, aliyefanya naye kazi miaka mingi, mtu wa macho makali na masikio makali kuliko bwana wake. Mengi yaliyoandikwa katika vitabu vya Uingereza juu ya ndege wa milima ya nchi hii yalitoka katika macho ya watu wa namna hiyo, na majina yao ni haba katika vitabu hivyo.

Siku ya Jumamosi mvulana aliketi chini ya mnazi, na kila mnana alipoingia na chakula alipiga mstari mmoja. Kabla ya adhuhuri mistari ilikuwa imejaa ukurasa. Lakini lililomshangaza ni kile kilichokuwa mdomoni. Hakikuwa mpunga. Kilikuwa kiwavi, au panzi, au buibui, na kiwavi tena. Mnana mkubwa hula nafaka, lakini kifaranga chake hakiwezi kukua kwa nafaka tupu, hivyo wazazi hukitafutia wadudu.

Jumatatu mwalimu akamwambia, "Sasa uliza swali lako."

"Mwalimu, mnana hula mpunga, lakini watoto wake hulishwa viwavi. Viwavi hutoka katika mahindi yetu."

"Basi?"

"Basi mahindi ya mama yamepata faida. Lakini mpunga uliokwisha kuliwa haurudi."

"Haurudi," akasema mwalimu. "Nami sitakuambia kwamba unarudi. Wala Injili haikumwambia mtu aache kulima, wala aache kuamia. Soma mlango ule toka juu, utaona Bwana wetu asema na watu wa namna gani. Asema na watu wenye kusumbuka, wanaohesabu chakula cha kesho gizani. Maneno yale hayakutolewa ili mtu alale mchana. Yalitolewa kwa ajili ya mtu asiyelala usiku. Kwenu ni nani asiyelala usiku?"

Mvulana alijua ni nani, lakini hakusema. Kwa miezi mingi alikuwa amesikia, kutoka upande wa pili wa ukuta, mama yake akigeuka kitandani.

Usiku wa Alhamisi iliyofuata mvua ilinyesha kwa upepo mkali utokao baharini. Kulipokucha kuti moja la mnazi lilikuwa chini pamoja na viota vinne. Siafu walikuwa wamekwisha kufika. Mvulana alipekua viota akapata kifaranga kimoja ambacho siafu hawakukigusa, kimekufa, macho yake hayajafumbuka. Akakifunga katika jani la mgomba, akakichukua mpaka shule. Hakukionyesha kwa wenzake. Alingoja mpaka wametoka, akaliweka jani juu ya meza ya mwalimu, akalifungua.

"Mwalimu, na huyu?"

Mwalimu alitazama, akavuta kiti, akamketisha mvulana, naye akaketi. Hakufanya haraka kusema. Hatimaye akaleta Biblia, akamwonyesha mlango wa 10 wa Mathayo, panapotajwa shomoro wawili wauzwao kwa sarafu moja ndogo, na panaposemwa ya kwamba hakuna aangukaye pasipo Baba. Sarafu hiyo ilikuwa moja ya kumi na sita ya dinari, na dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua kwa siku. Shomoro walikuwa kitoweo cha maskini.

"Waona," akasema mwalimu, "haikuandikwa kwamba shomoro haanguki. Kuanguka kumo katika maneno yenyewe. Kwa nini huyu aanguke na yule asianguke, sijui. Watu wenye elimu kubwa wameandika vitabu vinene juu ya jambo hilo, navyo havikulimaliza." Kisha akafunua Injili ya Luka, mlango wa 12. "Sasa fanya hesabu. Kwa Mathayo shomoro wawili ni sarafu moja. Sarafu mbili utapata wangapi?"

"Wanne, mwalimu."

"Soma hapa, Luka aandika wangapi kwa sarafu mbili."

Mvulana akasoma. "Watano."

"Wa tano ametoka wapi?"

Mvulana alifikiri. Alikuwa ametumwa sokoni mara nyingi kununua mafungu ya machungwa, naye alijua kwamba ukinunua mafungu mawili muuzaji mwema huokota chungwa moja dogo na kulitupa juu. "Ni nyongeza, mwalimu."

"Bei yake ni nini?"

"Hana bei. Amehesabiwa wale wanne tu."

"Basi soma yaliyoandikwa baada ya hapo."

Akasoma, na habari ilikuwa hii, ya kwamba katika hao watano hakuna ambaye Mungu amemsahau. Mvulana alisoma mara moja kwa sauti, kisha mara ya pili kwa macho tu. Mwalimu, aliyekuwa amezijua habari za nyumba ile tangu masika yaliyopita, na aliyekuwa ameshika jembe siku ya kuchimba kaburi lile dogo, hakuongeza neno. Alifunga tena jani la mgomba, akampa.

Kifaranga kilizikwa chini ya mlimau. Jioni ile mvulana hakuandika habari za ndege. Katika ukurasa wa mwisho wa daftari, akimwuliza bibi yake tarehe, aliandika siku aliyozaliwa dada yake, na siku aliyokufa, na jina alilobatizwa. Mama yake alipokuja na taa alisimama nyuma yake akasoma, maana alikuwa amesoma mpaka darasa la saba. Akaishika daftari kwa muda. Kisha akamwambia aende kulala, mafuta ya taa yasipotee.

Mwezi wa Aprili ulipokaribia kwisha, mvulana aliona upungufu. Tangu Novemba mbayuwayu wengi walikuwa wakiruka juu ya bonde kila jioni, wale wenye koo la rangi ya kutu na mkia wenye nyuzi mbili ndefu. Sasa hawakuwapo. Aliandika: "Leo mbayuwayu hata mmoja." Na kesho yake vile vile.

Watu wa zamani wa Ulaya waliwakosa mbayuwayu hao kila majira ya baridi, na wengi walisadiki kwamba hujizika katika matope ya mabwawa mpaka joto lirudi. Mwezi wa Mei mwaka 1911, katika wilaya ya Staffordshire nchini Uingereza, mtu mmoja jina lake J. R. B. Masefield alimfunga mbayuwayu pete nyembamba yenye namba mguuni. Mwezi wa Desemba mwaka 1912 ndege huyo alikamatwa ndani ya nyumba ya shamba katika Natal, Afrika ya Kusini, na pete ikasomwa, barua ikapelekwa. Hivyo mambo ya matope yalikwisha. Mbayuwayu mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, naye huvuka bahari na jangwa kwenda, na huvuka tena kurudi. Wengi wao hupita juu ya Afrika Mashariki, nao huishi nasi miezi ya joto, hata Aprili wakaondoka. Nabii Yeremia, katika mlango wa 8 wa kitabu chake, alimtaja mbayuwayu pamoja na koikoi na hua kuwa ni ndege wanaojua majira yao, akawaaibisha watu wa Yerusalemu wasiojua yao.

Mvulana alipoambiwa habari za pete alitaka kujua jambo moja tu: kama Bwana Masefield alimkumbuka ndege wake kwa muda wote ule, zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Mwalimu akajibu kwamba namba ilikuwa imeandikwa katika kitabu.

Juni ikafika, na mpunga ukaanza kuinamisha masuke. Safari hii dungu lilijengwa mapema. Mvulana alikata nguzo nne, mjomba wake akazisimika, bibi akasuka paa la makuti. Toka dunguni kamba zilikwenda pande zote za shamba, zimefungwa makopo yenye changarawe, ili zikivutwa yalie. Kwa bahati kwelea hawakushuka katika bonde lile. Kwelea mmoja aweza kula gramu 10 za nafaka kwa siku; kundi la ndege laki moja, ambalo kwao si kundi kubwa, humaliza tani nzima kati ya asubuhi na jioni, wala hakuna kopo litakalowatisha. Waliokuja walikuwa mnana, na ndege wengine wadogo wa nafaka, nao walitosha kumpa mtu kazi.

Aliamia kila siku baada ya shule, na Jumamosi toka alfajiri. Mara nyingine alimtambua mnana dume kwa mwendo wake, akaona yule ndiye aliyebomoa viota viwili, na bado alimvurumishia jiwe. Daftari lilikuwa limekwisha kurasa, lakini alikuwa nalo ndani ya mfuko, maana alikuwa hajalirudisha, wala mwalimu hakulidai.

Jumamosi moja alasiri mzee mmoja aendaye Matombo alipita katika njia ya bondeni, akasimama chini ya dungu apate kivuli.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Waamia peke yako?"

"Peke yangu, babu. Mama yuko ng'ambo, anakata nyasi."

Mzee akautazama mpunga, akapima kwa macho yake. "Umezaa. Mwaka huu mtakula. Mko wangapi kwa mama yenu?"

Mvulana alikuwa ameshika kombeo mkononi, na jiwe limekwisha kuwekwa.

"Tu watano, babu."

"Mungu awakuze," akasema mzee, akachukua fimbo yake akaenda zake.

Katika mkuyu ulio kando ya kijito kundi la mnana likaruka kwa pamoja, likageuka juu ya maji, likaelekea shambani. Mvulana akasimama, akazungusha kombeo.